Upande wa Gitaa la Shangazi

"Gitaa moja likisikika pande zote mbili za kanisa, mpigaji wake atakuwa ameketi upande gani?"

Shangazi yangu Genoveva aliniuliza swali hilo siku niliyofika Endagikot kwa likizo ndefu, kabla hata sijavua koti. Tulikuwa tumeketi mlangoni kwake, sinia la maharage likiwa kati yetu, naye alikuwa akichambua bila kuyatazama. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa masomo ya elektroniki chuo kikuu, na njiani kote nilijiandalia maelezo mazuri kuhusu waya, spika na mkondo wa umeme. Swali lake halikugusa lolote kati ya hayo. Nilimjibu kwamba ningelifikiria.

"Lifikirie mapema, Angela," alisema. "Halmashauri ya kigango imeshamaliza kufikiri."

Katika kanisa letu la kigango, ambako Padre huja mara chache na katekista ndiye huongoza ibada, wanawake huketi upande wa kushoto wa anayeitazama altare na wanaume huketi kulia. Katikati hubaki njia pana ya kupita. Hakuna tangazo linaloagiza hivyo. Mtoto wa kiume hujifunza siku anapokuwa mkubwa mno kukaa na mama yake, akahamia ng'ambo ya pili akiwa na aibu kidogo na fahari nyingi. Kwaya husimama mbele upande wa wanawake, kwa kuwa waimbaji wengi ni wanawake, na shangazi huketi kwenye kigoda pembeni yao, gitaa pajani na amplifaya miguuni, ikielekea mabenchi ya akina mama. Alijifunza gitaa akiwa msichana katika nyumba ya masista, ambako alikaa hadi alipotambua kwamba alichoitiwa ni gitaa na si shela ya utawa. Hulisema hilo bila majuto, na masista wenyewe bado humtumia salamu.

Tatizo lilikuwa kwamba wanaume hawakumsikia. Kwaya iliyosimama iliziba sauti, na kilichovuka njia ya katikati kilikuwa kidogo mno. Hivyo wanaume walianza kila ubeti wakiwa wamechelewa, na Mzee Herman, mwenyekiti wa halmashauri, alilalamika kwamba upande wake unaimba kama watu wa kigango kingine. Halmashauri ikaamua: kama hadi Jumapili ya mavuno, Padre atakapokuja, wanaume watakuwa bado hawalisikii gitaa, basi litahamia kwao, na Sylvester, kijana wa sauti ya besi aliyekwisha kujifunza kulipiga vya kutosha, atakuwa mpigaji.

Gitaa lilikuwa mali ya kigango. Wakilichukua, shangazi hakuwa na jingine. Hakuna aliyemkataza kuhama pamoja nalo, lakini aliniambia waziwazi kwamba hataketi peke yake katikati ya makoti ya wanaume kama mbuzi aliyechanganywa na ng'ombe. Isitoshe, huongoza sauti ya pili kwa kidevu. Akihama, akina mama wale watamwangalia nani?

Mimi nilikuwa na jibu, au nilidhani ninalo. Niliamini, na bado naamini, kwamba maarifa yakitumiwa kwa moyo safi yanaweza kuondoa ugomvi ambao watu wamekwisha kuuzoea. Kama amplifaya moja haivuki kanisa, tutaweka mbili, kila upande yake. Na kwa kuwa zitakuwa mbili, kwa nini zitoe sauti ileile tu? Tutalifanya gitaa liwe la stereo, yaani kila spika na sehemu yake ya sauti.

Amplifaya ya pili tuliipata Gitting, kwa Mwalimu Emilian, mtu wa Kagera aliyepangiwa kufundisha huko Hanang na ambaye, kwa maelezo yake, alikuja na sanduku moja la nguo na mawili ya vyombo vya muziki. Alifurahi mno kumpata mtu wa kuzungumza naye habari za spika, hata chai ikapoa mbele yetu. Pamoja na amplifaya alituazima pedali, yaani kile kisanduku kinachokanyagwa kwa mguu na kubadilisha sauti ya gitaa. Hiki kilikuwa na matundu mawili ya kutolea sauti, moja kwa kila amplifaya. Kilikuwa na kitufe cha kuipanua sauti, ikasikika kama magitaa mawili yanayopigwa kwa pamoja, na kingine cha mwangwi. Noti ilianzia kwenye amplifaya ya kushoto, kisha ikajibiwa na ya kulia. Nilipousikia mwangwi ule chumbani kwa Mwalimu Emilian, niliona kanisa letu zima: akina mama wakiuliza na akina baba wakijibu. Nilirudi Endagikot katika Fuso lililobeba viazi, amplifaya ikiwa imefungwa blanketi kati ya magunia, nami nikitabasamu peke yangu hata dereva akaniuliza kama nimeposwa.

Siku ya mazoezi tulizipanga. Ya zamani niliiweka mbele ya wanawake na ya Gitting mbele ya wanaume, mbali kadiri waya zilivyoruhusu. Ya kwanza niliichomeka kwenye plagi ya sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare, na ya pili kwa waya mrefu uliopita dirishani kutoka nyumba ya katekista. Nilipoziwasha, kanisa lilijaa mngurumo mzito, kama trekta linalopanda mlima. Sylvester, aliyekuwa amekaa benchi la mbele akitazama kwa shauku isiyofichika, aliuliza kama huo ndio wimbo wa mwanzo.

Mngurumo wa namna hiyo niliufahamu. Amplifaya mbili zinapounganishwa na gitaa moja huku zikichota umeme mahali tofauti, umeme hupata njia ya kuzunguka kati yake, na mzunguko huo ndio unaonguruma. Niliuondoa waya wa katekista, nikazichomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja kutoka sakristia. Kimya kikarudi. Shangazi alipiga noti ya chini, na noti ikatoka nyembamba, haina tumbo. Nalo nililitambua. Ndani ya amplifaya yetu ya zamani, fundi fulani alikuwa ameziunganisha waya za spika kinyume, hivyo spika yake iliposukuma hewa mbele, ile ya Gitting iliivuta nyuma, na sauti nzito zikafutana hewani. Nilifungua kifuniko cha nyuma kwa bisibisi na kuzibadilisha waya zile mbili. Shangazi akapiga tena, na safari hii noti ya chini ikatufikia hadi kifuani.

Niliuwasha mwangwi wa pedali, nikasimama kwenye njia ya katikati na kumwomba aupige wimbo wa matoleo. Sijui niueleze vipi. Noti ilizaliwa kushoto kwangu, ikapita mbele ya uso wangu kama ndege, ikatua kulia. Kanisa lile lile la matofali na mabati, ambamo nilibatizwa na ambamo nilisinzia mara nyingi, likawa pana kuliko kuta zake. Niliwaita wanakwaya waje wasikie. Walikuja mmoja mmoja, wakasimama pale pale niliposimama, na kila mmoja alitabasamu mahali pale pale pa wimbo. Mwishowe alikuja Mzee Herman mwenyewe, aliyekuwa akipita kukagua madirisha. Alisimama katikati akiwa ameshika kofia mkononi, akafumba macho.

"Basi mmeweza," alisema. "Genoveva, kaa na gitaa lako."

Usiku huo shangazi alipika kuku.

Jumapili iliyofuata, iliyokuwa ya mwisho kabla ya ile ya mavuno, ilikuwa ya baridi kali na watu walijaa, wamejibana katika makoti na mashuka. Katekista alianzisha ibada, shangazi akapiga utangulizi, na ubeti wa kwanza ulipoanza nikajua kwamba kuna jambo limeharibika. Wanawake walianza vizuri. Wanaume walianza nusu pigo nyuma yao, kwa sauti kubwa na kwa uhakika ambao sikuwahi kuusikia kwao. Makofi yalipoanza yakawa kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja bila kuelewana. Wanawake waligeuza shingo kuwatazama wanaume kwa lawama. Wanaume nao waliwatazama wanawake, kwa kuwa safari hii walikuwa wanalisikia gitaa kwa masikio yao na walilifuata kwa uaminifu mkubwa. Katekista, aliyesimama kati ya mito hiyo miwili, aliacha kupiga makofi na kuikunja mikono.

Baada ya ibada palikuwa na mabishano nje, yaliyoendeshwa kwa heshima lakini kwa sauti ya juu. Akina mama walisema wanaume wana masikio ya mbao. Wanaume walisema kwamba mtu anayekimbia mbele ya gitaa hana haki ya kumlaumu anayekwenda nalo. Mzee Herman aliwasikiliza wote, kisha akanigeukia.

"Zamani tulikuwa hatusikii, tukachelewa," alisema bila hasira. "Leo tumesikia, na bado tumechelewa. Heri zamani, tulikuwa na sababu. Alhamisi halmashauri itakuja mazoezini. Tutasikiliza mara moja tu, halafu tutaamua gitaa linakaa wapi."

Nilirudi kanisani peke yangu nikiwa nimeinamisha kichwa. Shangazi alinifuata, akawasha amplifaya bila kuniuliza, akapiga wimbo uleule. Nilisimama katikati. Ulikuwa mzuri vilevile. Kisha, kwa sababu ya uchovu wa miguu zaidi kuliko kwa sababu ya akili, niliketi kwenye benchi la wanawake. Ndege wangu akatoweka. Nilisikia noti za mwanzo tu, kavu na wazi, na za majibu zikawa mbali kama redio ya jirani. Nikavuka nikaketi kwenye benchi la wanaume, na huko nikasikia majibu peke yake. Kila noti ilifika ikiwa imechelewa nusu pigo, na mtu aliyeketi pale hakuwa na namna yoyote ya kujua kwamba imechelewa.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu, na nilicheka ingawa nilikuwa karibu kulia. Stereo husikika kamili mahali pamoja, katikati ya spika mbili. Nilipima kila kitu nikiwa nimesimama hapo, na nikawaita wote waje kusikia hapo, wakasikia, wakabariki. Lakini katika kanisa letu hakuna mtu anayeketi katikati. Pale husimama maharusi, na pale huwekwa jeneza. Nilikuwa nimelipanga gitaa la shangazi kwa ajili ya watu wanaofunga ndoa na watu waliokufa, na waumini wengine wote nikawagawia nusu nusu.

Nilimweleza shangazi, na papo hapo nikampa dawa. Niliona ndiyo ya haki kabisa: waumini wachanganyike. Mume aketi na mkewe na watoto wao, familia zienee pande zote mbili, na hakuna atakayeweza tena kusema kwamba gitaa ni la wanawake au la wanaume. Nilizungumza kwa kirefu juu ya usawa. Shangazi alinisikiliza kwa makini, kisha akaliweka gitaa chini polepole ili acheke vizuri.

"Unataka Mzee Herman aketi na Agatha wake?" aliniuliza alipopata pumzi. "Mwulize Agatha kwanza. Wiki nzima anaambiwa ng'ombe wafungwe hivi, mlango ufungwe vile. Jumapili ndiyo saa yake ya kutoambiwa. Ukiiondoa saa hiyo, mwanangu, atakufuata mpaka chuoni."

"Lakini shangazi, ni jambo jema."

"Ni jema. Lipeleke wewe, kwa jina lako, siku nyingine. Usilipitishe mgongoni mwa gitaa langu."

Ilikuwa kweli. Nilitaka kuwahamisha watu ili waufuate mpangilio wangu wa waya, ilhali waya ndizo zilizo rahisi kuhamishwa. Kwa hiyo nilianza upya na swali dogo zaidi: nifanye nini ili kila upande upate gitaa zima? Jibu la kwanza lilikuwa kuuzima mwangwi. Niliuzima, nikijisikia kama mtu anayemfungulia ndege mlango aondoke, na nikakiacha kitufe cha kupanua sauti peke yake, kwa kuwa hicho hakichelewi popote. Jibu la pili lilikuwa kuzirudisha amplifaya pamoja. Zikikaa katikati, mbele ya ngazi za altare, zikipeana migongo, moja ikielekea wanawake na nyingine wanaume, hakuna mwanakwaya atakayeziba sauti na hakuna benchi litakalopata nusu.

Lililobaki lilikuwa lile swali la shangazi, mpigaji aketi upande gani. Waya wa gitaa ulikuwa mfupi. Kama amplifaya na pedali viko katikati, mpigaji naye hawezi kuwa pembeni.

Tulijaribu Alhamisi, kabla halmashauri haijafika. Sylvester alikuwa wa kwanza kuwasili, akanisaidia kuzibeba amplifaya. Nilimuuliza kama ni kweli analitaka gitaa. Alisema analitaka sana na haoni sababu ya kudanganya, ila angependa kulipata bila shangazi kununa, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kulishika. Kisha akaenda kuketi kwenye benchi lake la kawaida, upande wa wanaume, pamoja na wazee wawili wa besi. Wanawake walishika nafasi yao ya kwaya. Shangazi alisimama na kigoda chake mkononi, akaitazama ile sakafu tupu ya katikati kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia mto kabla ya kuingiza mguu. Kisha akakiweka kigoda na kuketi.

Akapiga. Wanawake wakaingia, na wanaume wakaingia nao papo hapo, katika pigo lilelile, kana kwamba hawakuwahi kukosana. Niliketi kushoto, nikaketi kulia, nikaenda hadi mlangoni. Kote lilikuwa gitaa zima. Halikuwa na ndege aliyeruka mbele ya uso wa mtu, lakini lilikuwa nene na lenye joto, na lilimfikia kila mtu pale alipozoea kuketi.

Katikati ya ubeti wa tatu shangazi aliacha kupiga. Nilidhani waya umekatika. Alikuwa amegeuka upande wa wanaume.

"Rudieni hapo," aliwaambia. "Hapo mwisho mnaposhuka."

Walirudia, Sylvester na wazee wale wawili, wakishuka na wimbo hadi noti ya chini kabisa. Shangazi alisikiliza kinywa kikiwa wazi kidogo.

"Huwa mnaimba hivyo siku zote?"

"Siku zote, shangazi," alisema Sylvester. "Kumbe ulikuwa hutusikii?"

"Sijawahi," alijibu. "Pale kwenye kona yangu mnafika kama upepo wa mlangoni. Sikujua kama mna wimbo."

Nilisimama mahali nilipokuwa. Nilikuwa nimehangaika na masikio ya kila mtu kanisani isipokuwa ya mpigaji. Miaka yote ile naye alikuwa akipata nusu.

Waliporudia wimbo aliwapigia njia nyingine ya kushukia, ya polepole zaidi, na mkono wake ulikuwa ukiwafuata wao kama walivyokuwa wakimfuata yeye. Mzee Herman na wajumbe wa halmashauri waliingia wakati huo. Tuliwaamkia, wakaitikia, wakaketi, kila mmoja upande wake: wanaume kulia, na wajumbe wanawake, Agatha akiwa mmoja wao, kushoto. Walisikiliza, na ubeti wa mwisho wakaimba na kupiga makofi pamoja na kwaya. Makofi yalipokwisha, Agatha alimwambia mumewe kutoka ng'ambo ya pili kwamba leo hata yeye hakuchelewa. Wanaume wote walicheka isipokuwa mwenyewe, aliyekuwa akijitahidi asicheke.

"Tumesikia," alisema Mzee Herman, akisimama. "Sasa limebaki jambo moja, Genoveva. Gitaa linasikika pande zote, lakini wewe huwezi kukaa njiani. Jumapili watu wataleta magunia ya mahindi na kuku mpaka altareni. Watapita wapi? Tuambie, unakaa upande wa wanawake au unakuja kwetu?"

Nilifungua mdomo nimsaidie. Shangazi aliniangalia mara moja, nikaufunga. Aliliweka gitaa wima juu ya goti, akazungumza na upande wa kushoto kwanza, kisha upande wa kulia, kwa sauti ileile.

"Mtapita kama mnavyopita siku zote, mistari miwili. Akina mama watapita upande wao wa kushoto, akina baba upande wao wa kulia. Ikija harusi au msiba, nitabeba kigoda changu nisogee, halafu nitarudi. Sylvester atakuja kwangu kila Alhamisi nimfundishe, na siku nikiwa shambani atapiga yeye, akiwa ameketi hapahapa. Jumapili ya mavuno mimi nitakaa katikati."